Mke Mwenza wa Kukodi

Siku hizi ukitaka kwenda Ulaya hupandi ndege. Unakodi mwili wa mtu aliyeko huko, unauvaa, na wako unabaki kitandani Tanga ukikungoja. Ndivyo Mwanakombo na mumewe Sefu walivyokwenda mandari kwenye bustani za kasri la Versailles, kule Ufaransa.

Mwanakombo alipewa mwili wa binti mwenye shingo ya upanga. Walitandika shuka kando ya chemchemi, wakafungua sambusa walizonunua huko huko. Alipong'ata tu, ulimi wa yule binti, usioijua pilipili, ukawaka moto, na machozi yakamtiririka. Sefu akaitupa sambusa yake, akamfuta machozi kwa kiganja, taratibu, huku akimpepea kwa kofia.

"Pole, mpenzi. Pole, roho yangu."

Roho yangu! Miaka yote ya ndoa yeye alikuwa Mama Hidaya tu. Wivu ukamwasha kuliko ile pilipili. Lakini utamshika nani nywele, ilhali mke mwenza umemvaa mwenyewe?

Waliporudi nyumbani, alikaanga sambusa, akazishindilia pilipili, akala mbele ya mumewe mpaka machozi yakadondokea sahanini.

"Baba Hidaya, pilipili imenizidi."

"Si unywe maji," alijibu Sefu bila kuinua macho.

Baadaye akayainua, akamtazama mkewe kama mtu anayeutazama mlango, akisubiri mwingine atokee.

"Mama Hidaya," akasema kwa upole, "yule utamvaa tena lini?"