Koki ya Bwawa la Matete

Asubuhi ya sikukuu walichinja ng'ombe thelathini, na damu yote ikaanza kushuka na bomba kuelekea bwawa la matete linalosafisha maji machafu ya mji. Mwajabu, mtunza bwawa, akaifunga koki ya bomba, akaacha upenyo mdogo tu. Matete yakinyweshwa damu kwa mkupuo hufa, na yakifa, uchafu wote huishia mtoni wanakooga watoto.

Kibwana mchinjaji akaja mbio.

“Fungua, we mwanamke! Damu inafurika machinjioni!”

“Kidogo kidogo, kaka'angu. Hadi jioni itakuwa imekwisha.”

Kibwana akamzaba kofi la kumwangusha. Mwajabu akaikumbatia koki. Kisu cha Kibwana kikamkandamiza shingoni, ngozi ikachanika.

“Nichinje basi,” alisema Mwajabu, “ila nielekeze kibla kwanza.”

Mkono wa Kibwana ukaganda. Nyuma yake damu ikaja polepole juu ya ardhi, ikamlowesha nyayo, ikapita, ikalifikia gauni la Mwajabu.