Mpunga Mbichi

"Bwana Genzo, usinitazame hivyo, mimi nimetumwa tu," afisa wa kilimo alisema ukingoni mwa jaruba. "Maghala ya serikali yamefurika mchele. Ukiukata mpunga huu leo unapata ruzuku. Ukiuacha uive, huna chako."

Genzo aliminya punje changa, maji meupe kama maziwa yakamlowesha kidole. Lakini mkopo wa trekta ulikuwa umemkaba koo. Aliinua mundu, mkono ukagoma.

Mama yake, aliyezika watoto wawili katika njaa ya baada ya vita, akamjia na kumpokonya mundu. Alikata masuke machache, akapurura punje mbichi, akazitia zote mdomoni na kutafuna, weupe ukimchuruzika kidevuni.

Kisha akamrudishia mundu.

"Wewe kata, mwanangu," alisema. "Mimi nitakula."