Mtetemo wa Themanini

Mshale ulipogusa themanini, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwa Ombeni. Fundi Kalinga, kwenye kiti cha pembeni, akafumba macho ili asikilize vizuri.

"Ongeza."

"Naongeza, baba mdogo. Inazidi."

Kufika tisini, chupa ya maji ilikuwa inacheza juu ya dashibodi. Kalinga akamwambia apunguze. Chini ya themanini gari likatulia kabisa, utadhani halijawahi kukosa adabu. Wakageuza kurudi gereji, Kihesa.

Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi miwili. Fundi mwingine angelaumu barabara akaendelea na shughuli zake, lakini Kalinga alikuwa hapati usingizi. Zabron, baba yake Ombeni, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Asubuhi ya mwisho ya maisha yake alipita na gari lake hapo hapo gereji, Kalinga akalipiga bodi kofi na kumwambia gari liko sawa, atembee. Kabla ya adhuhuri Zabron alikuwa amepinduka karibu na Nyororo. Trafiki walisema ni mwendo. Kalinga hakuwaamini, moyoni aliona kuna nati aliyoisahau.

Sasa Ombeni naye amenunua gari lake, kila Jumanne anapeleka vifaranga Mwanjelwa, na mtoto wa nyoka ni nyoka: mguu wake mzito kama wa baba yake. Kalinga alijiapiza hatazika wawili wa nyumba moja.

"Watu wanasema ni baba," Ombeni alisema njiani. "Eti ndiye anashika usukani."

"Watu hawajui gari," Kalinga akajibu, ingawa vinyweleo vilimsimama.

Usukani ukitetemeka, ugonjwa uko mbele. Kiti kikitetemeka, tazama nyuma. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu. Alikwishakagua beringi, boljointi na tairodi, vyote vizima, na rimu hazikupinda. Kila mara alikuta jambo lile lile: vile vipande vidogo vya risasi vinavyobanwa ukingoni mwa rimu, ili gurudumu lizunguke bila kuyumba, havipo. Akibana vingine, gari linatulia. Wiki mbili haziishi, vimetoka tena.

Mara ya kwanza Apolonia, mama yake Ombeni, alikuwepo, amemletea mwanawe chakula. Bado alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba. Alisimama muda mrefu akitazama mashine ya balansi ikizungusha gurudumu.

"Shemeji, kumbe kachuma kadogo hivi ndiko kanatuliza gari nzima?"

"Ndiko, shemeji. Kakitoka, ukifika themanini inaanza kutetemeka."

"Na inaweza kupinduka?"

"Hapana, hiyo ni kero tu. Dereva anachoka, anapunguza mwenyewe."

Kalinga alifurahi kuulizwa. Fundi mpe msikilizaji tu, atakufundisha mpaka chakula kipoe.

Risasi zilipotoka mara ya pili, Kalinga alishuku wezi. Kuna vijana hubandua risasi za magari wakawauzie wavuvi wa Mtera kwa ajili ya nyavu. Akavipaka vipande vyake rangi nyekundu, na vilipopotea akazunguka kwa wanunuzi wote wa chuma chakavu mjini. Hakuona hata kimoja. Hapo ndipo woga ulipomwingia kweli. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinamfuata yule kijana, na leo kimeng'oa risasi, kesho kitang'oa nini? Jioni moja, akiwa peke yake kando ya lile gari, alijikuta anasema, "Zabron, mwache mtoto." Aliona aibu, mzee wa kanisa mzima, lakini alisema.

Basi safari hii ya nne aliamua kumaliza. Aliagiza risasi za kubandika kwa gundi, akazificha ndani kabisa ya rimu, mahali ambapo mkono haufiki mpaka gurudumu lifunguliwe. Akafunga nati kwa mikono yake, akazihesabu, akazihesabu tena. Wakatoka kulijaribu. Themanini. Mia. Mia na ishirini. Maji kwenye chupa hayakutikisika. Ombeni alicheka kwa sauti, na Kalinga akageuzia uso dirishani, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alijisikia amelipa kitu.

Jumanne saa mbili asubuhi Ombeni alipita gereji, vifaranga wanalia nyuma.

"Leo saa sita niko Mwanjelwa, baba mdogo."

"Mungu akutangulie."

Haikupita saa moja, Apolonia akaja kwa miguu, anahema, ndala moja ameishika mkononi.

"Kamwene, shemeji. Ombeni amepita hapa? Ameniaga anasema gari halitetemeki tena."

"Amepita, kitambo. Keti kwanza upumzike." Kalinga alimfutia benchi kwa kitambaa. "Ule ugonjwa nimeumaliza. Risasi nimezificha ndani, hata awe shetani hazing'oi. Tumeipima mpaka mia na ishirini, imetulia tuli. Sasa utalala usingizi."

Apolonia hakuketi. Alifungua fundo la khanga yake polepole, akaligeuza juu ya benchi. Vipande vya risasi vikamwagika, vichache vya kijivu, vingine vyote vya rangi nyekundu.

"Themanini ilikuwa inamtosha, shemeji," alisema.