Blaza ya Kwao Atupele

Sheria ilitaka kila nyumba ilinde blaza moja, galaksi ya mbali ambayo shimo lake jeusi hutema mwanga kuelekea kwetu. Binti akiolewa, aliiacha ya kwao akalinda ya ukweni.

Atupele alikuwa yatima, na kwao hakubaki mtu. Siku alipohamia kwa mumewe, mama mkwe wake, Mama Ambakisye, alimkuta sebuleni amekipakata kipimo cha marehemu baba yake, chombo cha kufuatilia mwanga wa blaza ya kwao.

"Mwanangu, hapa kuna blaza yetu tayari."

"Najua, mama. Lakini hii ikiwaka ghafla, nani ataiona?"

Mama Ambakisye akakigusa kile kipimo. "Mimi niliiacha ya kwetu nikiwa na miaka ishirini," akasema. "Hakuna aliyeniuliza kama naumia."

Akaenda ukutani, akachomoa kipimo cha ukoo wa mumewe. "Chomeka chako."

Atupele akachomeka. Mstari wa mwanga ukatokea kwenye kioo cha kipimo, ukapanda taratibu, naye akacheka huku machozi yakimtoka. Mama mkwe akacheka naye, ila kile kipimo kilichozimwa hakukiweka chini. Kilikuwa bado na joto.