Kikombe cha Nne

Jua lilikuwa halijafika dirishani, na baba alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya chai na kuvisahau vyote.

"Humu ndani hakuna hata chai ya tangawizi?" akauliza.

Mimi ni binti yake wa pekee, na kubishana nilishaacha. Nilitwanga tangawizi nyingine, nikaichemsha na mchaichai na kijiti kilekile cha mdalasini, ambacho sasa kilikuwa kimebaki mti mtupu.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa mvuke, kisha akanirudishia.

"Dada, mpelekee binti yangu kwanza," alisema kwa adabu. "Yule mtoto hapumziki."

Nikaenda nacho jikoni, nikakaa juu ya ndoo.

"Anakunywa?" akauliza kutoka sebuleni.

"Anakunywa."