Zamu ya Jiweni

Kundi moja la nyumbu lilikuwa na desturi yake. Kila walipokwenda mtoni, mmoja wao alisimama peke yake juu ya jiwe, mamba akamchukua, na wengine wakanywa kwa amani.

Mwaka mmoja mamba akafa. Mkuu wa kundi, aliyependa sana mambo mapya, akawapeleka wote ukingoni wakaione mifupa yake.

"Mmejionea wenyewe," akasema. "Kuanzia leo zamu nimeifuta."

Wakashangilia mpaka vumbi likatimka. Kisha wakainama mtoni, na hakuna aliyeweza kumeza hata tone.

"Kunyweni basi!" akafoka Mkuu.

"Tangulia wewe, Mkuu."

Mkuu akainama. Macho yake yakaliendea lile jiwe tupu, na koo likakataa.

Siku ya tatu ndama wakaanza kuanguka kwa kiu. Bibi Mvi, mkongwe wa kundi, akamsogelea Mkuu.

"Mwanangu, siku ile ulipoifuta, zamu ilikuwa yangu," akasema, akapanda jiweni.

Papo hapo makoo yakafunguka. Wakanywa wote, na Mkuu akanywa kuliko wote.

Walipoinua vichwa, jiwe lilikuwa tupu. Maji hayakuwa yametikisika. Mifupa ya mamba ilikuwa palepale ukingoni, mikavu kama jana, ila meno yalikuwa yamelowa.

Mkuu akajilamba midomo, akasema kwa sauti ya chini:

"Kesho ni zamu ya nani?"