Jina Jekundu

Siku ya kufagia makaburi, Bi Meilan alipanda mlimani na mkwewe mjamzito, kumpelekea marehemu mumewe chai na machungwa. Jiwe la kaburi lilichongwa majina ya wote wawili: la mume kwa rangi nyeusi, na lake kwa nyekundu, kama ilivyo desturi kwa aliye hai.

Siku hiyo yote mawili yalikuwa meusi.

Aligusa jina lake. Rangi ilikuwa bado mbichi.

"Mama, turudi," mkwewe alinong'ona.

"Siondoki hapa nikiwa maiti." Akalisugua kwa upindo wa nguo mpaka wekundu ukatokeza. "Baba Junhao, nisubiri," alimsihi mumewe. "Mjukuu wetu hajazaliwa."

Walipogeuka, waliona matone meusi nyasini, yakishuka kuelekea nyumbani kwao.